Taharuki na Uchache: Hukumu za Watazamaji Juu ya Filamu ya Open Water

Uhakiki wetu umezoea kuishughulikia kazi ya sanaa kana kwamba haikuwahi kupita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kumfikia mhakiki. Fani huchambuliwa, maudhui huchambuliwa, nao walioisoma au kuitazama kazi hiyo kwa pesa zao na kwa jioni yao huachwa nje ya mlango. Hata hivyo ziko kazi ambazo haziwezi kuelezwa vyema pasipo kuwasikiliza watu hao, kwa sababu ugomvi wao ni sehemu ya kazi yenyewe. Filamu ya Kimarekani iitwayo Open Water ni mojawapo. Ilipotolewa nchini Marekani mnamo Agosti 2004 iliwagawa watazamaji katika kambi mbili zisizosikilizana. Kambi moja ilisema kwamba haijapata kuona kitu cha kuogofya kama kile, na kwamba kuingia baharini baada ya hapo kulikuwa mtihani. Kambi ya pili ilisema kwamba imetazama watu wawili wakielea kwa muda wa saa nzima na zaidi, kisha taa zikawashwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba kambi zote mbili zinaeleza kitu kile kile. Hakuna anayedai kwamba filamu ile ina matukio mengi. Wanaoisifu husifu uchache wake, na wanaoilaumu huulaumu uchache huo huo. Basi tofauti yao imo katika fikira waliyo nayo juu ya tukio: ni nini kihesabiwe kuwa kimetokea, na taharuki hutoka wapi. Swali hilo ni la nadharia ya fasihi kabisa, ijapokuwa limeulizwa na watu ambao hawakukusudia kuuliza swali la nadharia.

Kisa chenyewe ni kifupi mno. Mume na mke, Daniel na Susan, waliochoshwa na kazi za mjini, wanakwenda likizo katika nchi ya joto kando ya bahari. Asubuhi moja wanapanda chombo pamoja na wapiga mbizi wengine, jumla ishirini. Mmoja wa abiria amesahau miwani yake ya kuzamia, kwa hiyo anabaki juu. Baadaye watu wawili wanarejea chomboni mapema, naye anaazima miwani na kumshawishi mmoja wao arudi naye majini. Mfanyakazi wa chombo, ambaye kazi yake ni kuhesabu kwa kuchora mistari, anawahesabu watu wale mara mbili. Mistari inatimia ishirini, chombo kinang'oa nanga. Daniel na Susan, waliokuwa chini wakimtazama mkunga katika pango lake, wanaibuka na kukuta maji matupu. Yaliyobaki ni saa za mchana, usiku mmoja wenye radi, na asubuhi. Wanaumwa na konyeza, wanapatwa na kiu, wanagombana, wanapatana, wanazungukwa na papa. Daniel anaumwa na papa, na usiku unapokwisha amekwisha kufa. Susan anauachilia mwili wake, na muda si muda yeye naye hayupo tena juu ya maji. Hakuna zaidi ya hayo.

Utengenezaji wake ulilingana na kisa. Chris Kentis aliiandika na kuiongoza, na mkewe Laura Lau akawa mtoaji. Wao wenyewe ndio walioshika kamera za dijitali, wakipiga picha siku za mapumziko kwa muda mrefu, sehemu kubwa katika bahari ya visiwa vya Bahama. Wachezaji wakuu walikuwa wawili, Blanchard Ryan na Daniel Travis, nao walikaa majini kwa zaidi ya saa 120. Papa walikuwa papa wa kweli, waliovutwa kwa vipande vya jodari, na wachezaji walivaa minyororo ya chuma chini ya mavazi yao. Gharama ilikuwa kama dola 120,000 hivi. Baada ya kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mnamo Januari 2004, kampuni ya Lions Gate iliinunua kwa dola milioni 2.5, na mapato yake duniani kote yalikaribia dola milioni 55. Urefu wake haufiki dakika 80. Wahakiki wa magazeti wengi waliipokea vizuri. Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliipa nyota nne, nacho ndicho kipimo chake cha juu kabisa. Watazamaji wa kawaida hawakuwa wakarimu kiasi hicho, na pengo baina ya makundi haya mawili ndilo lililowafanya baadhi ya wataalamu waseme, kwa wepesi mno, kwamba umma hauna subira.

Kauli hiyo ya wataalamu haina budi kupingwa kwanza. Mtu asemaye “hakuna kinachotokea” hatoi ushahidi wa ujinga wake. Anatumia maana ya tukio ambayo ni ya kale na ya heshima. Kwa mujibu wa maana hiyo, tukio ni tendo la mhusika linalobadili hali yake, na hadithi ni mfuatano wa mabadiliko hayo. Abunuwasi hutenda, na hali hubadilika. Sungura hutenda, na hali hubadilika. Daniel na Susan hawawezi kutenda jambo lolote litakalobadili hali yao. Wanapoona vyombo kwa mbali na kufikiri kuviogelea, mkondo umekwisha kuamua. Wanapopiga kelele, hakuna masikio. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi za watu wanaotenda huketi akingoja hila, kwa kuwa hadithi zote alizozijua zimemfundisha kwamba aliyemo taabuni huwa na hila moja asiyoijua bado. Hila haiji. Akisema amedhulumiwa, ana haki ya kusema hivyo, hasa ikikumbukwa jinsi filamu ile ilivyotangazwa. Ilinadiwa sokoni kwa kulinganishwa na Jaws ya mwaka 1975 na The Blair Witch Project ya mwaka 1999, na aliyenunua tiketi kwa ajili ya papa mkubwa na wanaume wa kumwinda aliuziwa bidhaa nyingine.

Ulinganisho wa Jaws unastahili kuangaliwa kidogo, kwa maana wengi wa watazamaji waliolalamika huutumia kama fimbo. Ni kweli kwamba Steven Spielberg naye alimficha papa wake. Zaidi ya saa moja hupita kabla mtazamaji hajamwona vizuri, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba papa wa mitambo alikuwa akiharibika kila mara katika maji ya chumvi. Lakini kule muziki wa John Williams humtangulia mnyama kama mbiu ya mgambo. Mtazamaji hujulishwa saa ya kuogopa na saa ya kupumua. Isitoshe, wako wanaume watatu wenye chombo, silaha na ujuzi, na mwisho wake papa hufa. Katika Open Water pezi hukata maji pembeni mwa picha, wakati wahusika wanazungumza jambo lingine, na mara nyingine hao wenyewe hawalioni. Hapana mbiu. Mtazamaji hulazimika kulinda kiwambo chote kwa macho yake, kila pembe, kila wimbi lililo jeusi kuliko jirani yake. Kazi ya kuogopa, ambayo kwa kawaida hufanywa na msanii, amekabidhiwa yeye.

Hapo ndipo kambi mbili zinapoachana. Aliyeikubali kazi hiyo alitoka amechoka kama mtu aliyekesha. Aliyeikataa aliona maji. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na methali hiyo yaweza kugeuzwa ili iwafae watazamaji hawa: bahari yote ya Kentis ni maji ya kifuu kwa yule asiyekubali kuwa chungu. Kukubali huko hakulazimishwi na msanii yeyote, na hakuwezi kudaiwa na mhakiki. Yawezekana tu kuuliza kama kazi imetoa sababu za kutosha za kukubali.

Lawama ya pili ni juu ya picha. Watazamaji wengi waliona kwamba filamu ile inafanana na picha za arusi zilizopigwa na binamu wa bwana arusi. Rangi hazitulii, kamera inayumba, mwanga wa hotelini ni mbaya. Watetezi hujibu kwamba ubaya huo umekusudiwa ili uongeze ukweli. Jibu hilo ni nusu tu ya haki. Katika sehemu ya nchi kavu, ubaya wa picha ni ubaya wa picha. Hauongezi kitu, na mazungumzo ya pale yamekauka hata mtazamaji mwenye nia njema hupiga miayo. Mambo hubadilika majini. Huko kamera imeshushwa mpaka usawa wa shingo za wahusika, hivi kwamba wimbi linalowapiga usoni humpiga na mtazamaji, na upeo wa macho hupotea kila maji yanapoinuka. Kamera kubwa ya sinema, iliyofungwa juu ya mtambo wake, ingempa mtazamaji mahali pa kusimama. Wavuvi na mabaharia wanajua tofauti iliyopo kati ya kuitazama bahari kutoka sitahani na kuitazama kutoka ndani yake: kutoka sitahani ina mwisho. Kuyumba kwa picha majini si mapambo ya ukweli. Ndiyo mandhari yenyewe.

Wapiga mbizi wenye uzoefu nao walikuja na lawama zao, nazo ni za namna ya pekee. Walitaka kujua kwa nini wahusika hawana firimbi wala boya la kuinua juu, na ni chombo gani hicho kinachohesabu abiria kwa mistari badala ya kuwaita majina. Mhakiki aweza kuzicheka lawama hizi kuwa ni za mafundi, lakini hii ya mwisho imegusa kiini cha kisa. Daniel na Susan wanaangamia kwa sababu walijumlishwa. Laiti jina moja lingetajwa kwa sauti pale sitahani, na lisiitikiwe, filamu isingekuwapo. Kentis haisemi hoja hii kwa maneno. Anaionyesha kwa kalamu inayochora mistari, tena kwa muda mfupi, na wengi hupitwa nayo kwa sababu huko mwanzoni bado wanangoja filamu ianze.

Lawama inayorudiwa kuliko zote, hata hivyo, ni kwamba mume na mke wale hawapendezi. Wanalalamika, wanalaumiana, wanasema mambo ya ovyo. Kuna watazamaji waliofikia kusema kwamba walikuwa upande wa papa. Mzaha huo umerudiwa na wengi mno kiasi cha kuwa aina ya hukumu, nayo ni hukumu ya kuchunguzwa.

Mazungumzo ya majini hayana fahari yoyote. Mwanzoni ni ya adabu na hata ya utani: chombo kitarudi, watu hawasahauliwi hivi hivi, tukio hili litakuwa hadithi ya kusimulia nyumbani. Baadaye huja kuulizana nani alitaka kukaa chini zaidi kumtazama yule mkunga, na kazi ya nani ndiyo iliyowafanya wabadili likizo, na nani alitaka kwenda milimani kwenye theluji badala ya kuja baharini. Daniel anafikia kupiga kelele kwamba haya yote wameyalipia fedha. Ni maneno ya watu wa jikoni na sebuleni, waliogombana hivyo mara nyingi. Mtazamaji anayetamani tanzia huyachukia, kwa kuwa tanzia imemzoeza kwamba mauti yanapokaribia lugha hupanda. Mfalme akikaribia kufa husema vizuri. Katika tenzi zetu shujaa akikaribia kufa husema vizuri zaidi. Hawa wawili, kadiri mauti yanavyokaribia, lugha yao inashuka: kutoka sentensi kamili hadi maswali mafupi, kutoka maswali hadi majina, kutoka majina hadi kuguna.

Kushuka huko ndiko ufundi mkubwa wa mwandiko ule, na ni ajabu kwamba wahakiki waliousifu waliishia kwenye papa. Ugomvi juu ya mkunga hauna thamani kwa mada yake. Una thamani kwa sababu ni jaribio la mwisho la wawili hawa la kuifanya hali yao iwe ya kawaida. Kumlaumu mwenzio ni kukubali kwamba yuko wa kulaumiwa. Na akiwapo wa kulaumiwa, basi dunia bado ina sababu na matokeo, wakosaji na wakosewa, na kosa laweza kusahihishwa. Lawama zinapokwisha, si kwamba wamesameheana tu. Wametambua kwamba hakuna wa kulaumiwa ndani ya upeo wa macho yao. Kimya kinachofuata ni kizito kuliko meno yoyote. Mtazamaji aliyekwisha kuchoshwa na ugomvi hakioni kimya hicho, na hapo lawama yake, ingawa inaeleweka, inamnyima jambo alilolipia.

Kiswahili kina njia ya kulieleza jambo hili ambayo pengine ni nyepesi kuliko ile ya lugha iliyotumika katika filamu. Katika kauli ya kutendwa husemwa kwamba watu hawa wameachwa, au wamesahauliwa. Na kauli ya kutendwa, hata mtenda asipotajwa, huacha mlango wazi wa kuuliza: na nani? Katika kauli ya kutendeka husemwa wamesahaulika, na mlango umefungwa. Mwishowe husemwa wamepotea, na hapo hata kumbukumbu ya mtenda imetoweka katika kitenzi. Safari yote ya Open Water ni kutoka kitenzi cha kwanza hadi cha mwisho. Sehemu ya chomboni ni ya kutendwa: yuko mtu mwenye kalamu. Mchana ni wa kutendeka. Usiku ni wa kupotea. Aliyekwenda kutazama filamu ya kutisha alitaka mtenda abaki hadi mwisho, awe ni jitu, ama mwuaji, ama papa mwenye kisasi. Papa wa Kentis hawana kisasi. Huja, hugusa, huondoka, hurudi, kama ng'ombe waliokuta kitu kipya malishoni.

Vivyo hivyo kwa vitenzi vya hofu. Kuogofya kunataka kiima kinachoogofya. Kuogopa kunamtaka anayeogopa tu, na chenye kuogopwa chaweza kukosekana. Watazamaji wasioridhika huuliza: kinachoogofya ki wapi? Ni swali sahihi la kisarufi kwa filamu nyingi za aina hii. Kwa hii halina jibu, kwa kuwa imejengwa juu ya kitenzi cha pili. Huenda istilahi yetu ya “filamu ya kutisha” yenyewe inachangia utata, maana inaahidi kitishacho kabla mtazamaji hajaketi.

Ushahidi ulio bora upo katika sehemu ya usiku. Jua limezama, radi zimeanza, na kiwambo kinakuwa cheusi. Si weusi wa sinema, ambao huwa ni buluu iliyopunguzwa mwanga. Ni weusi mtupu. Sauti mbili zinasikika, pamoja na maji. Umeme unapiga, na kwa kufumba na kufumbua vichwa viwili vinaonekana, kisha weusi tena. Umeme mwingine: migongo ya papa, karibu mno. Weusi. Kwa dakika hizi filamu imeacha kuwa filamu ikawa masimulizi. Bibi anayesimulia hadithi ya zimwi usiku, moto ukiwa umefifia, hana picha ya zimwi. Ana sauti yake na giza lililoko nyuma ya migongo ya wajukuu. Watazamaji wa kambi zote mbili, hata wale waliokwisha kuikataa filamu tangu mchana, mara nyingi huitaja sehemu hii kando, kwa sauti tofauti. Baadhi yao husema laiti yote ingekuwa hivyo. Hilo haliwezekani, kwa sababu giza lile limelipiwa na uchovu wa mchana uliolitangulia. Lakini matamanio yao yanaonyesha kwamba hawakuukataa uchache. Waliukataa uchache ulioonekana kwao kuwa uvivu, wakaupokea ulipokuwa mkali.

Liko suala moja ambalo watazamaji wameligusa kwa haya, na wahakiki kwa haya zaidi. Filamu inatangaza mwanzoni kwamba imetokana na mambo ya kweli. Mambo hayo yalitokea Australia. Tarehe 25 Januari 1998 mume na mke Wamarekani, waliokuwa wamemaliza kazi ya kujitolea katika visiwa vya Pasifiki, waliachwa na chombo cha wapiga mbizi katika Mwamba Mkuu wa matumbawe, mkabala na pwani ya Queensland. Siku mbili zilipita kabla haijagunduliwa kwamba mizigo yao imebaki chomboni. Msako mkubwa wa baharini na angani haukuwapata, na miili yao haijaonekana hadi leo. Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiliwa na baraza la mahakama. Kanuni za kuhesabu wapiga mbizi katika jimbo lile zilikazwa. Kentis alibadili majina, mahali na mwaka, akawapa wahusika wake kazi nyingine na ugomvi mwingine. Kisha akajaza kwa kubuni kwake saa ambazo hapana mwanadamu aliyezishuhudia.

Je, alikuwa na ruhusa? Kati ya watazamaji wapo walioona kwamba kufa kwa watu wawili wa kweli kumefanywa burudani ya jioni, na hasira yao haikuwa juu ya uchache bali juu ya wingi: kwamba papa wameonyeshwa wakila, ilhali hakuna ajuaye kama papa waliwala. Wengine walijibu kwamba fasihi yote ya tanzia imejengwa juu ya makaburi ya watu. Jibu hilo ni la kweli, lakini linapita haraka. Tanzia ya kale huzungumza juu ya waliokufa zamani, ambao jamaa zao hawamo ukumbini. Hapa miaka sita ilikuwa haijatimia vizuri filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mnamo 2003.

Na iko habari moja ambayo yeyote mwenye kushughulika na lugha hawezi kuipita. Miezi kadhaa baada ya tukio, kibao cha kuandikia cha wapiga mbizi kiliokotwa mbali na pale walipoachwa. Juu yake, kwa mwandiko uliofifishwa na maji ya chumvi, kulikuwa na tarehe ya siku ya pili yake, 26 Januari, na maombi kwa yeyote awezaye kusaidia, aje kabla hawajafa. Hayo ndiyo maneno pekee yaliyobaki kutoka katika saa zile. Kibao hicho hakimo katika filamu. Mahali pake, wakati majina ya waigizaji yanapopita mwishoni, wavuvi wanampasua papa waliyemvua, wanatoa kamera tumboni mwake, na kujiuliza kama bado inafanya kazi. Ni mzaha mkavu, wenye akili, na watazamaji wengi wameusifu kama chumvi ya mwisho. Lakini umefanya ubadilishaji usio mdogo. Watu waliokuwa wakiita, kwa maandishi, kwa lugha kamili yenye tarehe na saa, wamegeuzwa kuwa watu walioacha picha za likizo. Wito umegeuzwa kumbukumbu. Filamu iliyojenga ufundi wake wote juu ya lugha inayoshuka haikuwa na nafasi ya sentensi ile iliyosimama wima asubuhi ya siku ya pili. Hapo uchache ulikata kitu ambacho haukuwa na haki ya kukikata, na katika hilo watazamaji waliokasirika waliona mbele kuliko wahakiki waliohesabu nyota.

Hiyo si sababu ya kuitupa kazi nzima. Ni sababu ya kuisoma kwa ukali zaidi kuliko ilivyosomwa na wapenzi wake. Mwaka 2006 ilitolewa filamu nyingine iliyobandikwa jina la Open Water 2, juu ya watu walioruka majini kutoka katika mashua bila kushusha ngazi. Huko wahusika wameongezwa, vilio vimeongezwa, na hofu imepungua. Wenye kudai kwamba ile ya kwanza ingefaidika kwa kuongezewa matukio wangeweza kuanza uchunguzi wao hapo.

Unabaki ule ugomvi wa mwisho, ambao watazamaji hawajaumaliza. Asubuhi, baada ya kuuachilia mwili wa mumewe na kuona unavyotendwa, Susan anavaa miwani yake na kutazama chini. Papa wamejaa. Kwa wakati ule ule, kule bandarini, mizigo imeonekana na msako umeanza; mtazamaji anayajua hayo, yeye hayajui. Kisha yupo, kisha hayupo. Wengine wanasimulia kwamba anajizamisha, kwa hiari, asiwaachie papa uamuzi: kwao huo ndio utendaji wa kwanza na wa pekee katika filamu yote, tukio lile walilolingoja kwa zaidi ya saa moja, na wapo wanaoichukia filamu kwa ajili yake na wapo wanaoisamehe kwa ajili yake. Wengine wanaapa kwamba anazamishwa, kwamba kuna mvuto wa ghafula kutoka chini. Kila upande umerudia kuitazama picha ile mara nyingi, na kila upande umerudi na kitenzi chake. Kamera iko mbali kidogo, katika usawa ule ule wa maji, na wimbi moja limepita mbele yake. Inachotoa ni kitenzi kisicho na kiambishi cha kujitenda wala cha kutendwa: anazama.